Siti binti Saad na baraza ya Ng'ambo

Mwanamke mmoja alivuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Wenyeji wake wakampeleka ngomani, na huko akaangukia mikononi mwa mwanamume aitwaye Kijiti. Hakurudi. Aliuawa, na Kijiti akakimbilia bara, mkono wa serikali usimfikie. Kesi iliposikilizwa, wimbo unasimulia, waliotiwa hatiani ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Mahakama ya kikoloni ikafunga jalada lake. Mtaa wa Ng'ambo haukufunga lake: tukio likatungiwa wimbo, Siti binti Saad akauimba, na jina la muuaji likazunguka pwani nzima, likamfuata hata kule alikokimbilia.

Hapo ndipo pa kuanzia anapozungumzwa Siti. Kila anapotajwa, husifiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba kwenye santuri. Sifa hiyo anaistahili, lakini yeye ni zaidi yake. Kazi yake kubwa aliifanya nyumbani kwake, kati ya majirani, kabla ya chombo chochote cha kunasia sauti kuwekwa mbele yake.

Alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, takriban mwaka 1880. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, mama yake wa asili ya Kizigua, nao walikuwa watu wa tabaka la watumwa. Amri ya kukomesha utumwa visiwani ilitoka mwaka 1897, binti akiwa tayari amekua. Shule hakusoma. Alijifunza ufinyanzi, akawa anabeba vyungu kichwani hadi mjini, akivinadi njiani kwa sauti ambayo watu waliisikia kabla hawajamwona mwenyewe.

Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Taarabu ya wakati huo ilikuwa ya wanaume na ya Kiarabu. Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoundwa mwaka 1905, ilikuwa fahari ya wenye nafasi, na Sultani alipenda kuisikiliza. Ajabu ni kwamba mwalimu wa Siti alitoka humo humo: Ali Muhsin, mwanamuziki wa klabu hiyo, aliisikia sauti yake akakubali kumfundisha kuimba. Baadaye likapatikana kundi: Subeit bin Ambar kwenye udi, Mbaruku Effandi, msanii asiyeona, pamoja na Buda bin Swedi na Mwalim Shaaban. Mfinyanzi wa Fumba akawa anaalikwa kwenye arusi za matajiri na kwenye kasri la Sultani Khalifa bin Harub.

Angeweza kuishia huko. Hakuishia huko, na hilo ndilo linalompa uzito katika historia.

Makazi yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe wa nyumba za mawe na mtaa wa nyumba za udongo na makuti. Huku waliishi waliokuwa watumwa na watoto wao, wapagazi, wavuvi, mafundi, wanawake waliouza vitumbua na kusuka ukili. Usiku kundi lilikutana kwa Siti kufanya mazoezi, na majirani walikuja kusikiliza. Hawakuja kukaa kimya. Walileta habari za siku: nani kadhulumiwa mirathi, nani kapigwa na mumewe, karani gani kala fedha za wajane. Mshairi akitoa beti, mwingine akizirekebisha, udi ukitafuta njia ya kuzibeba. Wimbo ulipofika arusini au mkahawani ulikuwa umekwisha pita mikononi mwa watu wengi. Na ulikuwa wa Kiswahili, lugha ambayo mpishi na bwana wake waliielewa sawasawa.

Watu wa hali ya chini hawakuwa na gazeti lao wala mjumbe wao serikalini. Hakimu alikuwa Mwingereza, mwenye kiwanja alikuwa mkubwa wa mji. Kwa hiyo wimbo wenye kumtaja mkosaji kwa jina haukuwa burudani tupu. Aliyeimbwa na Siti aliona haya kupita sokoni, na hiyo ni adhabu ambayo mjini Unguja fedha haikuweza kuilipia faini.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimwita Siti na wenzake Bombay, India, wakarekodi nyimbo nyingi za Kiswahili. Santuri zao zilipigwa mikahawani kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam, na biashara ikawa nzuri kiasi cha kundi kuitwa tena kwenda kurekodi. Mwaka huo huo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Haitakuwa haki kusema nyimbo ndizo zilizoanzisha mgomo. Lakini watu waliogoma ndio hao hao waliozoea kukaa pamoja usiku na kuitaja dhuluma kwa jina lake.

Hakukosa wa kumdharau. Walimcheka kwa asili yake, kwa sura yake, kwa kazi ya vyungu. Alijibu kwa kuimba, na mlango wake ukabaki wazi kwa wasichana waliotaka kujifunza. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2013, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, na aliziimba nyimbo zake hadi uzeeni.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo mwandishi Shaaban Robert alikwenda kuzungumza naye, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho kimewapitia wanafunzi wengi wa Tanzania. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988, kililiita Sauti ya Siti. Mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo zilizoimbwa na bibi huyo.

Santuri za zamani, hata hivyo, zinazidi kupungua. Huvunjika upesi, na nyingine zimelala kwenye makasha ya urithi bila mwenye nyumba kujua alichonacho. Msomaji mwenye santuri ya aina hiyo asiitupe wala kuiuza kama chakavu. Aipeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani, au kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi mjini Unguja, isikilizwe na watu wanaojua thamani yake.