Safu ya lugha: Salio

Mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba, wilayani Same, akilipwa kwa simu hungoja ujumbe, na jicho lake huruka moja kwa moja hadi maneno haya: salio lako jipya ni. Neno limetoka katika kitenzi salia, yaani kubaki, kama pato lilivyotoka katika pata. Ndugu yake masalia bado yana harufu ya makombo na magofu. Salio limeng'aa, kwa kuwa ndilo linalomwambia mtu ana shilingi ngapi sasa hivi.

M-Pesa, mojawapo ya huduma za pesa kwa simu zinazotuma ujumbe huo, ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania 2008. Waliobuni huduma hii walifanya jambo ninalolipenda sana: walipanga menyu fupi, inayofunguka hata kwenye simu ya kitochi bila intaneti, kisha kila muamala ukafungwa kwa salio. Kwa mtu wa milimani, ambako mtandao huweza kukatika kabla hajamaliza kuandika namba ya siri, mstari huo wa salio ni uthibitisho kwamba pesa imefika.

Wabunifu wengi wa programu leo hupima mafanikio kwa dakika anazokaa mtumiaji akitazama kioo. Mimi nawasihi wapime pia kasi ya kumpa jibu alilolifuata. Mkulima huyu husoma salio, hurudisha simu mfukoni na kuendelea kupakia magunia, na kesho ataifungua menyu ileile bila kushawishiwa na yeyote.