Kipa wa Jezi Nyingi

Msomaji, historia ya kandanda yetu imeandikwa kwa rangi mbili: nyekundu na kijani. Keti kijiwe chochote, uanzie Kariakoo hadi huku kwetu Kibamba, utasikia Simba ilifanya hivi, Yanga ilifanya vile. Mchezaji anatajwa akiwa ndani ya jezi. Akiivua tu, basi, ama ni msaliti ama amezeeka. Leo tumfuate mtu mmoja, jezi baada ya jezi: Juma Kaseja, mlinda mlango.

Kaseja alizaliwa Kigoma mwaka 1985. Alianza kuonekana akiwa Moro United, na 2003 tayari alikuwa langoni mwa Simba. Mwaka huo Wekundu wa Msimbazi waliwafunga Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika, bao 1-0 hapa Dar es Salaam. Marudiano kule Cairo wakafungwa 1-0. Yakaja matuta. Kijana wa miaka 18 akasimama langoni, uwanja mzima ukimzomea, na Simba ikapita kwa 3-2. Bingwa kavuliwa taji nyumbani kwake!

Ungedhani mtu wa namna hiyo amejihakikishia ugali wa maisha. Wapi! Mwaka 2008 alihamia Yanga, 2009 akarudi Msimbazi. Mwaka 2013 Simba wakaachana naye, Yanga wakamchukua tena. Desemba 21 mwaka huohuo watani wakakutana katika mechi ya Nani Mtani Jembe. Yanga ikalala 3-1, na lawama nyingi zikamwangukia kipa. Kelele za Cairo zilikuwa zimeshasahaulika.

Hapo ndipo wengi walipofunga kitabu chake. Yeye hakukifunga. Alikwenda Mbeya City, akaenda Kagera Sugar, na 2018 akatua KMC, timu ya Manispaa ya Kinondoni, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu. Huko hakuna matarumbeta ya Msimbazi wala Jangwani. Kuna mazoezi, mkataba mfupi, na mechi ambazo jukwaani unaweza kuwahesabu watu. Lakini mpira unaopigwa langoni ni uleule, na mikono inayoudaka ni ileile.

Kocha wa KMC msimu ule alikuwa Etienne Ndayiragije, raia wa Burundi. Alipokabidhiwa Taifa Stars mwaka 2019, alimwita mzee wake. Wapo waliocheka. Agosti 4, pale Kasarani, Nairobi, Stars na Kenya walitoka suluhu, yakaja matuta tena. Kaseja akapangua, tukashinda 4-1, Tanzania ikasonga hatua iliyofuata ya kuwania kufuzu CHAN. Septemba ikawa zamu ya Burundi, matuta tena, 3-0. Kipa yule aliyeachwa na wakubwa alikuwa na miaka 34.

Mimi naona kosa letu mashabiki liko hapa: tunadhani kipaji ni mali ya klabu, kwamba mtu akivua jezi anakiacha kwenye kabati la klabu. Kaseja alikibeba kwenye begi lake, toka Msimbazi mpaka Mbeya, toka Bukoba mpaka Kinondoni. Kwa hiyo, kijana mwenzangu unayeshika kalamu, ukitaka kuandika historia ya soka la Bongo usiishie kwenye makombe. Panda basi la mkoani ukamtafute kipa aliyeachwa, umuulize kesho anadakia wapi.