Umeme wa Mbinguni na Giza la Duarani

Jioni moja, nilipokuwa mgeni Rwamgasa katika mkoa wa Geita, niliketi juu ya gogo pamoja na vijana waliokuwa wametoka punde kwenye maduara yao. Nguo zao zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe, na upande wa pili wa njia makarasha yalikuwa yangali yakinguruma. Kijana mmoja, aliyejua kuwa nimetoka visiwani na kwamba kazi yangu ni vitabu, akaniuliza: “Mzee, nasikia Wamarekani watavuna jua huko huko angani, watuletee umeme bila waya. Ni kweli, au ni hadithi kama hadithi za dhahabu?” Nilimjibu nusu, maana jibu zima sikuwa nalo. Makala haya ndiyo nusu iliyobaki.

Mimi si mhandisi. Mimi ni mtunzi na mfasiri, na mfasiri hana budi kuanza na neno. Zamani za babu zetu, umeme ulikuwa ule mmweko unaotangulia radi, jambo la mbinguni lililomfanya mama afunike vioo na kuwaita watoto ndani. Ilipokuja nguvu ya waya na taa, wasemaji wa Kiswahili hawakutafuta mbali: wakalichukua neno la mbinguni wakalitia ndani ya nyumba. Kwa hiyo swali la yule kijana lilikuwa na ukale ndani yake. Alikuwa akiuliza iwapo umeme utarudi kuja kutoka ulikotoka.

Wasomaji wa Unguja wana sababu ya pekee ya kulisikiliza swali hilo, kwani kisiwa chetu kilipata kuwa sikio la dunia kuelekea angani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Marekani ilijenga kituo huko Tunguu, kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyoizunguka dunia kwa ajili ya mradi wake wa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, chombo chake kilipita juu ya bara la Afrika kikaingia anga ya Bahari ya Hindi, na mitambo ya Tunguu ikapokea habari zake: hali ya chombo, pumzi zake, na hata mapigo ya moyo wake. Mtu aliyekuwa mbali kuliko mawingu alisikika moyo wake katika kisiwa cha minazi na mikarafuu.

Si wote waliokifurahia kituo hicho. Wazalendo wengi, Abdulrahman Mohamed Babu akiwa miongoni mwao, walihofu kuwa nyuma ya antena zile kuna silaha, na kwamba visiwa vitavutwa katika ugomvi usio wao. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaka kituo kifungwe, na mwaka huo huo Wamarekani wakaondoka. Kazi yake ikahamia Bukini, karibu na mji wa Antananarivo. Sikumbushi haya ili kufufua hoja za siasa zilizopita. Nayakumbusha kwa sababu yanatupa funzo la kwanza: kila kinachoshuka kutoka angani lazima kitue juu ya ardhi, na ardhi ina wenyewe, nao wana haki ya kuuliza.

Sasa tutazame kile kilichoshuka Tunguu. Tumezoea kusema kuwa redio huleta sauti, lakini wimbi linalobeba sauti hubeba pia nishati, ijapokuwa ni kidogo mno. Ujumbe na nguvu ni ndugu wa tumbo moja. Swali lililowasumbua wataalamu wachache katika miaka ile lilikuwa hili: je, wimbi likizidishwa nguvu na kukusanywa vizuri, haliwezi kuwasha taa badala ya kuleta habari tu? Mwaka 1964, mwaka ule ule kituo cha Tunguu kilipofungwa, mhandisi William C. Brown wa Marekani aliwaonyesha watu helikopta ndogo iliyoelea hewani bila mafuta wala betri, ikilishwa kwa mawimbi ya maikrowevu yaliyorushwa kutoka chini.

Upande wa jua nao ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Setilaiti ya Vanguard 1, iliyorushwa tarehe 17 Machi 1958, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutumia umeme wa jua angani, na redio yake ikaendelea kusema hadi 1964. Ndipo mwaka 1968 Peter Glaser, mhandisi mzaliwa wa Chekoslovakia aliyehamia Marekani, akaziunganisha njia hizo mbili. Alipendekeza kwamba paneli kubwa za jua ziwekwe juu ya ikweta, yapata kilomita 36,000 kutoka ardhini, mahali ambapo setilaiti huzunguka pamoja na dunia na kuonekana kama imetundikwa. Huko hakuna mawingu wala masika, na usiku ni haba: ni katika majira ya usiku na mchana kulingana tu, Machi na Septemba, ambapo kivuli cha dunia huifunika setilaiti, nacho hakizidi dakika 72 au karibu na hapo kwa siku. Kila mita mraba ya anga hiyo hupokea wati 1,360 za jua hivi. Umeme utakaopatikana ugeuzwe mawimbi, uelekezwe duniani, na huko upokelewe na uwanja wa antena zitakazoyarudisha mawimbi kuwa umeme. Hati ya ubunifu huo aliipata mwaka 1973.

Haikubaki ndoto ya karatasini. Mwaka 1975, huko Goldstone katika jangwa la California, Brown na wenzake walirusha nguvu kwa mawimbi umbali wa kilomita moja na nusu, wakapokea zaidi ya kilowati 30 upande wa pili, na taa zikawaka. Lakini katika bahari yetu hii hii kuna kisa kilicho karibu zaidi na vijiji vyetu. Kisiwani Réunion, kusini mwa Bahari ya Hindi, kuna kijiji kiitwacho Grand-Bassin, kilicho chini ya korongo refu, na njia ya kukifikia ni ya miguu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Réunion walipanga kukipelekea kilowati 10 kwa mawimbi, kutoka ukingo wa korongo hadi chini, umbali wa mita 700 hivi, ili mandhari yasiharibiwe kwa nguzo na nyaya. Walibuni mitambo, wakafanya majaribio, wakasikilizwa ulimwenguni. Hata hivyo mradi haukufika hatua ya kuwasha taa za kijiji.

Naandika haya nikikumbuka giza letu wenyewe. Tangu 1980 Unguja imekuwa ikipata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwezi Mei 2008 njia hiyo ilikatika, na kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mzima. Desemba 2009 ikakatika tena, na safari hii giza likadumu miezi mitatu. Nani atasahau foleni za ndoo visimani, samaki waliooza, na sauti ya majenereta ikishindana na adhana? Usiku mmoja wa siku zile nilikuwa nikifasiri kwa mwanga wa kandili, nikafika kwenye neno la kigeni lenye maana ya mwanga na ya elimu kwa pamoja, nikazima kandili kwa kuona haya. Waya mpya ulilazwa mwaka 2013, na Pemba ilikuwa imekwisha kupata wake kutoka Tanga mwaka 2010. Lakini tulijifunza kwamba anayekunywa kwa mrija mmoja, mrija ukiziba hana budi kulala na kiu.

Rwamgasa imelijua giza la namna nyingine. Nchi ya Geita ni nchi ya dhahabu tangu enzi za Wajerumani; mgodi mkubwa wa Geita ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, na mwingine mpya, mkubwa zaidi, ukaanza mwaka 2000. Pembeni ya migodi hiyo, vijiji kama Rwamgasa vikawa vya wachimbaji wadogo, wanaoteremka kwa kamba ndani ya duara, tochi ikiwa kichwani. Kule chini hakuna tofauti ya mchana na usiku. Juu, jua la ikweta linamwagika bure, na mtu anashuka na betri mbili kutafuta jiwe linalong'aa.

Mawe yakitoka husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa kwenye magunia, kisha hukorogwa kwa zebaki ili dhahabu ishikamane. Donge hilo huchomwa motoni. Zebaki hupaa kama moshi, dhahabu hubaki. Kuanzia 2002 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo ya viwanda, uliendesha mradi wa zebaki katika nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo, na Rwamgasa ikawa mahali pa uchunguzi. Waganga waliowapima watu walikuta kuwa wachomaji wa donge hilo ndio waliobeba zebaki nyingi zaidi mwilini. Baadaye Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lilijenga Rwamgasa kituo cha mfano cha kuchenjua dhahabu bila kutegemea zebaki. Ndipo umeme unapoacha kuwa anasa. Kituo cha namna hiyo kina mashine za kusaga, za kukoroga na za kuvuta maji. Mchimbaji asiye na umeme wa kutegemewa atanunua dizeli, na akikosa hela ya dizeli atarudi kwenye zebaki, ambayo haihitaji waya wala mtambo.

Sasa twende na ndoto ya Glaser hadi pale pale gogoni. Rwamgasa iko takriban nyuzi tatu kusini ya ikweta, kwa hiyo setilaiti hiyo ingesimama karibu kabisa na utosi wake. Lakini wimbi linaposafiri kilomita 36,000 hutanuka. Katika uchunguzi mkubwa uliofanywa na serikali ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, setilaiti ya kutoa gigawati 5 ilikadiriwa kuwa na upana wa kilomita 5 na urefu wa kilomita 10, na uwanja wa kuipokea nguvu yake ungehitaji yapata kilomita 10 kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati ya uwanja huo nguvu ya mawimbi ingekuwa kama robo ya jua la adhuhuri. Si moto wa kuunguza kama wengi wanavyodhani. Hatari iliyo wazi zaidi ni ile ya Tunguu: ardhi ni ya nani? Duara la kilomita 10 lingeimeza Rwamgasa pamoja na mihogo yake, makaburi yake na maduara yake yote. Watu wa Geita wanajua maana ya kuambiwa wahame kwa sababu chini yao kuna utajiri. Itakuwa ajabu wakiambiwa wahame kwa sababu utajiri umo juu yao.

Wataalamu hawajakata tamaa, wala sipendi wakate. Mwaka 2023 chombo cha Chuo cha Teknolojia cha California kilirusha nguvu angani kwa mawimbi kikawasha taa mbili ndogo, umbali wa shibiri moja na kitu, na tarehe 22 Mei mwaka huo miale yake ikanaswa juu ya paa la chuo hicho huko Pasadena. Ilikuwa nguvu kiduchu, lakini ilifika. Mwaka uliofuata, ripoti ya shirika la anga la Marekani, NASA, ilikadiria kuwa umeme wa namna hiyo, kwa njia zinazojulikana, ungegharimu mara 12 hadi 80 kuliko umeme wa jua, upepo na maji unaovunwa hapa chini. Hayo ndiyo mambo mawili ambayo mwenye kusema kweli hana budi kuyashika pamoja: jambo linawezekana, na jambo liko mbali.

Basi, kijana wangu wa Rwamgasa, hili ndilo jibu langu zima. Si hadithi, ni kweli. Ila ni kweli ya wajukuu wako, ikiwa itakuwa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wako ni paneli unayoweza kuifunga leo juu ya bati lako, na ni nguzo zilizoanza kuvifikia vijiji vya Tanzania tangu wakala wa umeme vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007. Zidai hizo, uzitunze, na uzifikishe mpaka kwenye karasha, ili zebaki ikome kuwa umeme wa masikini. Na siku watakapokuja wageni na ramani ya duara la kilomita 10, wakisema wameleta jua kutoka mbinguni, wakaribishe, wape maji, kisha waulize kama walivyoulizwa wale wa Tunguu: litatua wapi, na mwenye mahali hapo ni nani?