Mashine ya boti kutoka Naivasha: usitishwe na saa nyingi, jua unachonunua

Anayetafuta mashine ya boti ya mkono wa pili si lazima aishie Mombasa au Malindi. Bonde la Ufa nako kuna boti. Naivasha zinapeleka watalii kuangalia viboko na kisiwa cha Crescent, na Baringo zinavusha watu na mizigo kwenda visiwani. Muuzaji atakwambia, "Hii haijaonja chumvi." Ni sifa ya kweli, maana maziwa haya mawili ni ya maji baridi, tofauti na Nakuru, Elementaita na Bogoria yenye magadi. Lakini rahisi huvunja upishi. Mashine ikizima ziwani, utapiga kasia hadi ufukweni. Ikizima nje ya Kizingitini wakati wa kusi, na abiria ndani, mambo ni mengine.

Saa ngapi ni nyingi?

Mafundi wengi hukadiria kwamba mashine ya petroli iliyotunzwa hufikisha saa 1,500 hadi 2,000 kabla ya kudai kazi kubwa, na nyingine hupita hapo. Dizeli ya ndani ya chombo huenda mbali zaidi, 5,000 na kuendelea.

Piga hesabu mwenyewe. Boti ya watalii inayofanya saa 4 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, imemaliza saa 1,000 kwa mwaka mmoja. Ukiambiwa ina miaka mitano na saa 600 tu, uliza mita ilibadilishwa lini. Mashine nyingi za kabureta hazina mita kabisa. Zile zenye kompyuta huhifadhi saa ndani yake, na fundi mwenye kifaa cha kuzisoma atakuonyesha pia ni saa ngapi ilikwenda polepole na ngapi ilikwenda kwa nguvu zote.

Hata hivyo, saa peke yake haitoshi. Mashine ya saa 1,500 iliyobadilishwa oili kila saa 100 ni bora kuliko ya saa 300 iliyolala miaka mitatu na petroli iliyooza ndani ya kabureta.

Ziwa nalo lina madhara yake

Maji ya Baringo ni mazito kwa udongo, na udongo huo hula mpira wa pampu ya maji. Naivasha, magugu maji huziba tundu za kuvutia maji, mashine ikachemka. Isitoshe, maziwa haya yamepanda sana tangu mwaka 2010 na kumeza miti, nyua na nyumba za kandokando. Boti zinapita juu ya visiki na nguzo. Zungusha rafadha kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa na kebo za plagi zimetolewa, uangalie kama ekseli inayumba.

Mwendo wa polepole wa kutazama viboko pia una gharama. Mashine za kuchanganya petroli na oili, zikikaa sana kwenye mwendo mdogo, hujaza masizi kwenye plagi na ringi za pistoni.

Vipimo vya kufanya kabla ya kutoa pesa

1. Fika mashine ikiwa baridi. Iguse. Ikiwa ina joto, imewashwa kabla hujafika, pengine kuficha shida ya kuwaka. Rudi kesho.

2. Pima mgandamizo wa kila silinda. Hapa wengi wa Pwani hupotea. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Mashine ambayo Mombasa ingesoma pauni 120 kwa inchi ya mraba, kule inaweza kusoma karibu 100 na bado ikawa nzima. Linganisha silinda na silinda. Tofauti ikizidi asilimia 10 hadi 15, kuna ringi au silinda iliyochoka.

3. Fungua skrubu ya chini ya gia, utoe oili kidogo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa na chembe za chuma, gia zimelika.

4. Tazama maji yanayotoka kwa nyuma. Yawe na nguvu na yasikatike.

5. Ikimbize ziwani kwa dakika 20 au zaidi, si kuiwasha juu ya pipa tu. Kisha izime na uiwashe tena ikiwa moto.

6. Linganisha namba iliyo kwenye kibao cha mashine na risiti ya muuzaji. Namba ikiwa imekwaruzwa au kibao hakipo, achana nayo. Mashine ya wizi itakuondokea na pesa zako zote.

Ukiileta Pwani

Mashine isiyo na kompyuta hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa Naivasha hiyo ni karibu asilimia 19. Kwa hiyo usiikatae kwa sababu imeonekana nzito kule. Ikishuka baharini itapata pumzi.

Ila pumzi hiyo ina hatari. Mafundi wa bara huweza kupunguza petroli kwenye kabureta ili ilingane na hewa nyepesi. Mashine hiyo ikifika Pwani bila kurekebishwa, hupata hewa nyingi na petroli kidogo, ikapata joto kali na kutoboa pistoni. Rafadha ya kule nayo huwa ya mkato mdogo; huku itazunguka kupita kiasi. Soma kitabu cha mashine: kama kikomo ni mizunguko 6,000 kwa dakika na yako inapita, badilisha rafadha. Weka zinki mpya, na kila jioni isafishe ndani kwa maji baridi.

Mwisho, tenga pesa za mpira wa pampu, plagi, oili na kabureta kabla ya safari ya kwanza, na uhakikishe chombo kimekaguliwa na kusajiliwa na Mamlaka ya Safari za Baharini Kenya, KMA. Pesa hizo zihesabu kama sehemu ya bei. Kama huwezi kuzimudu, bado huwezi kuimudu mashine yenyewe.