Ukimpa mpita njia kamera

Picha pekee niliyopiga na marehemu bibi ni ukungu mtupu. Nilimpa mpita njia kamera, nikasahau kwamba nilikuwa nimezima fokasi ya otomatiki. Masikini, yeye alibonyeza tu.

George Eastman alitaka iwe hivyo hivyo. Kodak yake ya kwanza, mwaka 1888, ilikuja na filamu ya picha 100, bila fokasi ya kurekebisha: unavuta uzi, unabonyeza, unazungusha ufunguo, basi. Tundu dogo la lenzi lilisamehe makosa ya umbali. Mwaka 1977 Konica C35 AF ikajitafutia fokasi yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtu kamera, irudishe 1888: f/8, spidi 1/250, ISO na fokasi zijipange zenyewe. Halafu itazame picha kabla hajaondoka. Bibi harudi.