Mji Mdogo na Hazina ya Lugha: Mfano wa Pangani

Tumezoea kuusoma mji wa pwani kwa kuta zake za mawe, tukasahau mashamba yanayoulisha. Natazama Pangani, mji ulio mlangoni mwa mto wenye jina hilo hilo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilishukia hapo, na kando ya mto watumwa walilimishwa miwa. Mwaka 1888 wenyeji waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani. Kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa papo hapo Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianzia Tanga, na biashara ya bara ikaifuata reli. Pangani ikabakiwa na minazi, mkonge na uvuvi.

Wanahistoria huyaita hayo kudidimia. Mwanaisimu hana budi kusita. Biashara ilihama, lakini wakulima, wavuvi na wakwezi hawakuhama, wala msamiati wao. Mwanafunzi wa leo aliyekulia jiji kubwa hulijua dafu na nazi, basi. Mkwezi huanzia kidaka, akaja kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Kila hatua ina jina kwa kuwa ina kazi yake.

Maneno hayo yamo kamusini, ni kweli. Hata hivyo, kamusi huhifadhi neno tu. Anayelitumia ndiye alipaye uhai. Minazi ikikatwa na vijana wakihama, tutabaki na orodha isiyo na msemaji. Gofu la jumba huonekana. Gofu la neno halionekani. Basi twendeni tukawasikilize wazee ingali mapema.