Zaburi ya 137: Wimbo wa Watu Wasioweza Kuimba

Wengi wetu tuliisikia Zaburi ya 137 redioni kabla hatujaisoma katika Biblia. Mwaka 1978 kundi la Boney M. lilitoa wimbo “Rivers of Babylon”, ukaenea duniani kote. Hata leo tunausikia katika sherehe, na watu huucheza kwa furaha. Ni ajabu kidogo, kwa maana maneno yake yametoka katika kilio cha watu walioamriwa kuimba wakashindwa. Katika makala hii tunaeleza chimbuko la zaburi hiyo, safari yake hadi redioni, aya zake ngumu, na namna inavyoweza kuwasaidia waamini wenye majeraha ya moyo.

Chimbuko la zaburi

Mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo, jeshi la Nebukadneza mfalme wa Babeli liliubomoa Yerusalemu na kuliteketeza Hekalu. Kitabu cha Pili cha Wafalme (sura ya 25) kinasimulia kwamba wana wa mfalme Sedekia waliuawa mbele ya macho yake, kisha yeye mwenyewe akapofushwa na kupelekwa uhamishoni. Kitu cha mwisho alichokiona kilikuwa kifo cha watoto wake. Tusiposhika jambo hili hatutaielewa zaburi.

Zaburi ina sehemu tatu. Katika aya ya 1 hadi ya 4, wahamishwa wameketi kando ya mito ya Babeli wakilia, vinubi vyao vimetundikwa mitini. Waliowateka wanadai wawaimbie wimbo wa Sayuni, yaani wimbo wa ibada ya Hekalu, ili uwe burudani kwa wale wale waliolichoma. Aya ya 5 na ya 6 ni kiapo cha kutousahau Yerusalemu. Aya ya 7 hadi ya 9 ni laana juu ya Waedomu, walioshangilia maangamizi ya jirani zao, na juu ya Babeli. Nayo inaishia kwa kutaja watoto wachanga wa adui wakipondwa mwambani.

Safari hadi redioni

Wimbo tunaoufahamu ulitungwa Jamaika na Brent Dowe na Trevor McNaughton wa kundi la The Melodians, ukatoka mwaka 1970. Watunzi waliandika kwa imani ya Kirastafari. Kwao Babeli ni mfumo uliowatia babu zao utumwani, na Sayuni ni Afrika. Waliunganisha mwanzo wa Zaburi ya 137 na aya ya mwisho ya Zaburi ya 19, na mahali pa jina la Bwana wakaweka sifa ya mfalme Haile Selassie. Boney M. walirudisha jina la Bwana.

Sisi Wakatoliki hatuwezi kumpa mwanadamu heshima ya Mungu. Hata hivyo tunatambua kwamba wajukuu wa watumwa walijiona ndani ya zaburi hii, na hawakukosea kujiona humo. Lakini wimbo wao nao uliziacha aya za laana.

Aya zinazotutia hofu

Kanisa nalo limekuwa na tahadhari. Katika Misa ya Dominika ya nne ya Kwaresima, Mwaka B, na katika Masifu ya Jioni, zaburi hii inaishia aya ya 6. Maelekezo ya Jumla ya Liturujia ya Vipindi (na. 131) yanasema kwamba aya za laana ziliachwa kwa sababu ya ugumu unaoweza kumpata msali moyoni. Maelekezo hayo hayo yanakumbusha kwamba sala za namna hiyo zimo hata katika Agano Jipya, kama kilio cha wafiadini katika Ufunuo 6:10.

Mababa wa Kanisa walizisoma aya hizi kiroho. Orijene aliwaona wale wachanga kuwa ni mawazo mabaya yanayoanza kuota moyoni. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake, anafundisha kuyaponda mawazo hayo yangali machanga juu ya mwamba, ambao ni Kristo. Usomaji huu ni hazina yetu.

Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum (na. 12), unatutaka tutafute pia kile ambacho mwandishi alikusudia kusema. Aliyeandika aya ya 9 huenda aliyaona hayo yakitendwa kwa watoto wa kwao. Hakushika upanga. Aliipeleka hasira yake katika sala, akaanza kwa kumwomba Bwana akumbuke. Kanisa halikuyafuta maneno yake katika Maandiko, wala halikuyageuza kuwa amri. Kristo msalabani aliwaombea msamaha waliomsulubisha (Lk 23:34), na huko ndiko tunakoitwa kufika. Ila njia ya kufika huko hupitia katika ukweli wa jeraha.

Katika maisha yetu

Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ilianzishwa mwaka 1996, na humo wapo wanaosali kwa Kiswahili huku wakiikumbuka nchi waliyoikimbia Kongo. Kwao zaburi hii haihitaji maelezo marefu. Lakini wahamishwa wapo pia katika jumuiya zetu: mama aliyefiwa na mtoto, kijana aliyepigwa nyumbani tangu utoto, binti aliyedhalilishwa na mtu aliyemwamini. Mara ngapi tumewaambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, wanyamaze, wasamehe, waimbe? Tulitaka kuwafariji, kumbe tulikuwa tukidai wimbo kwa mtu ambaye kinubi chake kingali mtini.

Maandiko yanatupa mfano mwingine. Nabii Ezekieli alipowafikia wahamishwa kando ya mto Kebari, aliketi kati yao siku 7 akiwa ameduwaa (Ez 3:15). Rafiki za Ayubu nao waliketi naye siku 7 bila kusema neno (Ayu 2:13). Walianza kukosea walipoanza kueleza.

Basi tunapomtembelea mwenye jeraha, tukae kwanza, tusikilize, na asiyetaka kuimba tusimlazimishe. Anayeshindwa kulala au kurudi kazini tumsindikize kwa daktari au mshauri nasaha, bila kuona kwamba imani yake imepungua. Aliyetendewa ukatili tumsaidie kupata ulinzi na haki. Akitaka kusali lakini hana maneno, tumfungulie zaburi hii na kumwachia aisome yote, hadi aya ya 9. Mungu aliyekubali sala hiyo iwemo katika Neno lake hatashtushwa na hasira ya mtoto wake.